Mwacheni Mchezaji Aingie Porini

Katika nchi ya Warega, inayoanzia Mwenga na Shabunda huko Kivu ya Kusini ikafika Pangi na Kama katika jimbo la Maniema, kuvaa uhusika wa mtu mwingine ni elimu ya watu wazima. Katika sherehe za bwami, chama ambacho kwa vizazi vingi kimebeba maadili na heshima ya watu hawa, mwelekezi anayeitwa nsingia huinua sanamu ndogo ya mti au ya pembe ya ndovu na kuanza kucheza nayo. Kwa muda huo yeye si yule jirani anayejulikana na kila mtu. Huwa Wayinda, mwanamke mjamzito aliyezini akamletea balaa mtoto aliye tumboni. Au huwa Sakimatwematwe, mwenye vichwa vingi, anayetazama pande zote kabla ya kutoa neno. Ngoma inalia, methali inaimbwa, walioketi wanaitikia, na yule anayeomba kupanda ngazi anatazama akijua kwamba kazi ya kuyaelewa yote hayo, na kuishi kama yalivyosema, ni yake mwenyewe.

Siku hizi kuvaa uhusika kumehamia pia kwenye simu na kompyuta. Kijana wa Kindu, Bukavu, Kigoma au Nairobi akipata intaneti anaweza kuingia katika ulimwengu wa kubuni akawa mganga, mlinzi wa mpaka, mfanyabiashara wa chumvi au mwizi wa farasi. Humo hukutana na wengine waliovaa uhusika wao, wakatunga maisha pamoja bila mtu mmoja kuiandika hadithi yote. Hiyo ndiyo michezo ya uhusika mtandaoni, na jumuiya zinazoicheza zina ugonjwa mmoja unaofanana karibu kila mahali: wahusika hawatoki nyumbani. Wanakaa kilabuni au katika baraza la mfalme, wanasalimiana, wanasimuliana ushujaa wa zamani ambao haukuwahi kuchezwa, kisha wanamngoja msimamizi awaletee tukio. Msimamizi akichoka, ulimwengu wote unalala. Wengi huwalaumu wachezaji kwa uvivu. Mimi nashikilia kwamba chanzo ni mambo mawili ambayo jumuiya zenyewe zimeyajenga: njia haiko mikononi mwa mchezaji, na kushindwa hakuna heshima. Mawili hayo yakirekebishwa, watu hutoka wenyewe, tena wanakwenda mbali kuliko msimamizi alivyowaza.

Tuanze na njia. Msimamizi mwenye bidii huandaa kila kitu. Jambazi yuko pangoni, ufunguo uko kwa bibi kizee, na mwisho wa kisa umeshaandikwa kabla mchezaji wa kwanza hajaingia. Mchezaji akitaka kumwacha jambazi aende kumposa binti wa adui, anaambiwa hilo halimo. Akijibiwa hivyo mara mbili, mara ya tatu haulizi. Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons mwaka 1974, mchezo wa mezani wa karatasi, penseli na dadu, upya wake haukuwa katika mazimwi na mapanga, maana hayo yalikuwamo hadithini tangu zamani. Upya ulikuwa huu: mchezaji aliweza kusema mhusika wake anafanya jambo lolote, na aliyesimamia meza akawajibika kulijibu papo hapo. Kompyuta iliposhika nafasi ya meza, jibu la papo hapo likawa gumu, kwa kuwa mashine hujibu yale tu iliyoandikiwa. Kampuni zikazoea kuwapangia watu matukio. Kinachosikitisha ni kwamba wasimamizi wa jumuiya ndogo, ambao ni binadamu na wanaweza kujibu chochote, wameyaiga mazoea ya mashine.

Jambo la pili ni hofu ya kupoteza. Mtu aliyemlea mhusika wake kwa miezi minane hawezi kumpeleka mahali pa hatari ikiwa akifa huko hakuna atakayemkumbuka. Kwa kuiona hofu hiyo, wasimamizi wengi huiondoa hatari yenyewe, wakidhani wachezaji watashukuru. Kisa cha RuneScape kinaonyesha vingine. Ulimwengu huo ulianzishwa Uingereza mwaka 2001, na kaskazini ya ramani yake kulikuwa na Pori ambako mchezaji aliweza kumuua mwenzake na kuchukua alichobeba. Desemba 2007 kampuni ya Jagex iliyafunga mapigano hayo ya Porini, na Januari 2008 ikabana biashara huru kati ya wachezaji. Haikufanya hivyo kwa ukatili. Ilikuwa ikipambana na watu waliouza dhahabu ya mchezo kwa fedha halisi, waliotumia njia hizo kupitishia mali. Ulimwengu ukawa salama, na wachezaji wakaandamana humohumo ndani ya mchezo. Miaka mitatu baadaye swali liliporudishwa kwao kwa kura, kura zilizopigwa zilizidi milioni moja, na zaidi ya asilimia 90 zikataka mambo yarudi kama zamani. Februari 2011 Pori likafunguliwa tena.

Hawakuishia hapo. Mwaka 2013 zaidi ya wachezaji 400,000 walipiga kura ufunguliwe ulimwengu wa zamani kama ulivyokuwa Agosti 2007, kabla ya Pori kufungwa. Toleo hilo, Old School RuneScape, liliwekewa sharti ambalo kampuni chache zingethubutu kujiwekea: kwa miaka mingi jambo jipya halikuingizwa mpaka asilimia 75 ya waliopiga kura waliridhie. Hatimaye toleo hilo kongwe, lenye picha duni na vifo vyenye hasara, lililipita toleo jipya kwa idadi ya wachezaji. Kama usalama ndio uliokuwa haja ya watu, hilo lisingetokea.

Mwenye kupinga atasema kwamba waliopiga kura ni waliobaki. Walioumizwa Porini walishaondoka na hakuna aliyewauliza. Pingamizi hili ni zito, nalo lina ushahidi wake. Ultima Online ilifunguliwa mwaka 1997 ikiwa ulimwengu ambao mtu aliweza kuuawa na kuporwa karibu popote nje ya miji. Hata kabla ya ufunguzi rasmi, wakati wa majaribio ya Agosti mwaka huo, mchezaji mmoja alimuua kwa moto mfalme wa ulimwengu huo, mhusika wa Richard Garriott aliyeubuni mchezo. Kisa hicho kimebaki kuwa hadithi tamu. Lakini mgeni aliyekuwa akichimba madini siku yake ya pili, akauawa na kuvuliwa hadi viatu na watu asiowajua, hakuona utamu wowote, alizima kompyuta. Mwaka 2000 dunia ile ikagawanywa sehemu mbili, Felucca yenye hatari na Trammel iliyo salama. Umati ukahamia Trammel, na wanaolipia wakaongezeka. Mtetezi wa hatari asiyeutaja mwaka huo hasemi kweli yote.

Lakini tutazame ni nini hasa kilichowakimbiza wachimbaji wale. Mhusika wao kupoteza kitu ni jambo dogo. Kubwa ni kwamba hawakuichagua safari ile, hawakujua kiasi gani wameweka rehani, na aliyewaua hakuweka chochote. Muuaji alikuwa na nguvu zote na jina lisilo na maana kwa yeyote. Kesho angerudi na jina jingine. Hapo hakuna kisa wala uhusika, kuna wizi tu. Hatari ninayoitetea ni ile anayoiendea mchezaji kwa miguu yake, akiwa amehesabu anachobeba, na aliye upande wa pili naye akiwa na cha kupoteza. RuneScape ililifanya hilo bila kulipigia debe: Pori lilikuwa na mpaka unaoonekana, na kadiri ulivyokwenda kaskazini ndivyo hatari ilivyozidi. Mtu aliuvuka mpaka kwa hiari yake.

Hapa ndipo narudi kwa Warega. Bwami si burudani, na kuilinganisha na mchezo wa simu bila tahadhari ni kuikosea adabu. Hata hivyo, kama mpango wa kuwafanya watu waigize hadharani na wajitose katika jambo lenye gharama, bila mfalme wala askari wa kuwalazimisha, ni wachache wanaoweza kuifundisha. Hakuna anayezaliwa akiwa juu. Mwanamume huanzia kongabulumbu, akapitia ngazi kama kansilembo, ngandu na yananio, na wachache sana hufika kindi. Wala hafiki peke yake: mkewe naye ana ngazi zake, bombwa, bulonda na bunyamwa, na za mume na mke zinakwenda pamoja. Anayetaka kupanda huomba mwenyewe, wakati aliouchagua mwenyewe. Kisha hukusanya mali, tangu musanga, zile fedha za makome, hadi nyama na vyakula, na ndugu zake humchangia. Kwa hiyo anayeomba ameweka rehani jina lake pamoja na jasho la ukoo. Anaweza kungoja miaka. Anaweza kubaki katika ngazi ya chini maisha yake yote, kama wengi walivyobaki, bila kuitwa mwoga.

Mwanaanthropolojia Daniel Biebuyck, aliyefanya utafiti kwa Warega katika miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu Lega Culture mwaka 1973, alieleza jambo ambalo kila msimamizi wa mchezo angepaswa kulitafakari. Sanamu moja haifungwi na maana moja. Methali inayoimbwa nayo hubadilika kufuatana na ngazi, mahali na mwelekezi anayeicheza. Vitu vimewekwa, kanuni zipo, lakini njia ya kuvipitia inaachwa wazi kwa walio uwanjani. Na kuna jingine ambalo kwangu ndilo kubwa zaidi: sanamu nyingi ni za watu walioharibikiwa. Wayinda yupo. Yupo na Kuboko Kumozi, mwenye mkono mmoja. Walioanguka wamechongwa kwa uangalifu uleule waliochongewa wenye hekima, wakachezwa mbele ya watu, wakawa darasa. Serikali ya kikoloni ya Ubelgiji iliivunja bwami rasmi mwaka 1948, lakini amri haikuimaliza. Naamini sababu mojawapo ni hiyo hiyo: chama ambacho safari yake imo mikononi mwa kila aliyemo hakina kichwa kimoja cha kukatwa.

Jumuiya za mtandaoni nazo zimewahi kuupata ukweli huu, mara nyingi kwa bahati. Katika EVE Online, ulimwengu wa anga uliobuniwa Iceland na kufunguliwa mwaka 2003, meli ikiharibika imeharibika, hairudi. Januari 2014 muungano mmoja wa wachezaji ulishindwa kulipa ada ya umiliki wa eneo liitwalo B-R5RB, ambako ulikuwa umehifadhi meli zake. Maadui wakaingia. Vita vikaendelea kwa karibu saa 21, maelfu ya watu wakahusika, na meli 75 za aina kubwa kuliko zote, kila moja ikiwa imejengwa kwa miezi ya kazi ya watu wengi, zikateketea. Hasara ilikadiriwa kuzidi dola 300,000 kwa thamani ya fedha halisi. Hakuna mtu wa kampuni aliyeviandika vita vile. Kazi ya kampuni ilikuja baadaye, nayo ilikuwa nzuri: iliacha mabaki ya meli zile yaelee mahali pale yakiwa kumbukumbu ya kudumu. Mchezaji anayepita pale leo anaona kwamba walioshindwa hawakufutwa. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Lakini ni vigumu kumtaka mtu akubali kushindwa mahali ambapo aliyeshindwa anasahauliwa jioni ileile.

Mwingine atauliza kama kuwaachia watu njia si kuwafungulia mlango wanyanyasaji. Mwaka 1993, katika LambdaMOO, ulimwengu wa maandishi matupu, mshiriki mmoja alitumia programu kuwafanya wahusika wa wenzake waonekane wakitendewa udhalilishaji wa kingono mbele ya watu. Mwandishi Julian Dibbell alikiandika kisa hicho, na tangu hapo kimekuwa onyo. Ni onyo la haki. Aliyedhalilishwa hakuwa mhusika pekee. Ni mwanamke aliyekaa mbele ya kompyuta yake akilia. Hatari ya kwenye mchezo humhusu mhusika: mali yake, cheo chake, uhai wake wa kubuni. Ikishamgusa mwenye kumcheza, mwili wake, jina lake halisi au utu wake, huo si mchezo tena, na msimamizi anayesita kumfukuza aliyetenda kitendo hicho anasaidia kuuvunja uwanja wa wote. Tena yaliyofuata LambdaMOO yanaunga mkono hoja yangu. Mwanzilishi wake, Pavel Curtis, alianzisha utaratibu wa wakazi kuandika maombi na kuyapigia kura, ili wajiwekee sheria wenyewe. Watu wanaojua mpaka uko wapi, na kwamba wao ndio walioupiga, huthubutu zaidi ndani yake.

Lipo pingamizi la tatu, ambalo kwa msomaji wa mashariki ya Kongo ni zito kuliko yote. Mtu ambaye ameona Goma ikitekwa Januari 2025, ambaye ndugu zake wanahama na magodoro kichwani, ana haja gani ya hatari ya kubuni? Si afadhali mchezo uwe mahali pa kupumzikia? Naliheshimu swali hili, na sitamlaumu yeyote anayetaka tu kulima bustani ya kwenye simu. Lakini hatari ya vita na hatari ya mchezo hutofautiana katika jambo lenyewe tunalolizungumza. Vita humnyang'anya mtu uamuzi: anaambiwa akimbie, asimame, anyamaze. Katika mchezo mzuri anarudishiwa uamuzi ule, akajaribu, akakosea, akajaribu tena, na hakuna aliyezikwa. Lual Mayen, Msudani Kusini aliyekulia katika kambi ya wakimbizi nchini Uganda, alipata kompyuta yake ya kwanza baada ya mama yake kuweka akiba kwa miaka mitatu hadi ikafika dola 300. Mchezo alioubuni, Salaam, unamweka mchezaji katika nafasi ya mkimbizi anayekimbia akitafuta maji, chakula na amani. Mtu aliyekuwa na kila sababu ya kubuni bustani tulivu alibuni safari ya hatari, kwa kuwa alitaka mwenye kuicheza aamue, na kwa kuamua aelewe.

Pangi na Kama ziko mbali na nyaya za intaneti ya kasi, na wengi huko watasema mambo haya ni ya watu wa mijini. Si lazima yawe hivyo. Roy Trubshaw na Richard Bartle walipoanza kuujenga ulimwengu wao wa kwanza katika Chuo Kikuu cha Essex mwaka 1978, hawakuwa na picha hata moja. Vyote vilikuwa maneno. Maneno hayali bando kama video, na kikundi cha WhatsApp cha watu kumi kinatosha kuwa ulimwengu. Kiswahili kimekuwa lugha ya Maniema tangu misafara ya karne ya 19, mfanyabiashara Tippu Tip alipokuwa na makao Kasongo, na visa vyake havijaisha. Msimamizi anaweza kuandika hivi: boti imepakia mchele na mafuta ya mawese, inashuka Lualaba kutoka Kindu kwenda Ubundu, maji yamepungua, nahodha ni mgonjwa, na abiria mmoja amebeba sanduku asilotaka lifunguliwe. Kisha anyamaze. Asiandike sandukuni mna nini mpaka mtu athubutu kulifungua. Mmoja atataka kumpindua nahodha, mwingine atashuka usiku aogelee hadi ukingoni, wa tatu atamposa binti wa mwenye mchele. Kila mmoja ajibiwe kwa haki na kwa gharama inayojulikana mapema, na wageni wapewe siku chache za kuufahamu mto kabla ya mamba kuwafikia.

Na yule aliyezama asiondolewe kwenye orodha kimyakimya. Mtu wa kindi akifariki, vitu vyake vya pembe ya ndovu huwekwa kaburini kwake kwa muda, kisha hukabidhiwa anayemfuata katika ngazi ile. Kisu cha mhusika aliyekufa mtoni na kiende kwa mhusika mwingine, pamoja na jina la mwenyewe na habari ya usiku aliojitosa majini, na huyo mpya akiulizwa kisu amekipata wapi, awe na la kusimulia.